Bibi Amy Sherald, Mchoraji wa Sura za Watu

Jioni hii nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi habari za kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi, nayo ni kuchora sura za watu. Nataka kuwaeleza maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, Bibi Amy Sherald, ambaye kwa brashi na rangi na kitambaa cha kitani amewafanya watu wengi wajiulize swali hili: Ni nani astahiliye kutazamwa?

Lakini kwanza nitawaambia jinsi mimi mwenyewe nilivyolipata swali hilo. Mimi ni mwalimu katika chuo cha kufundishia waalimu. Siku moja naliwaambia wanafunzi wangu, "Kila mtu achore sura ya mtu mheshimiwa." Nikawapa karatasi na penseli na muda wa saa moja. Karatasi zilipokusanywa, naliona jambo la ajabu kidogo. Karibu wote walikuwa wamechora watu waliowaona vitabuni: wafalme wenye taji, maofisa wenye nishani kifuani, mabwana waliovaa tai. Hapana hata mmoja aliyemchora mtu wa kijijini kwake. Na kijana mmoja alirudisha karatasi tupu. Nalipomwuliza sababu, alijibu kwa adabu, "Mwalimu, mtu ninayemheshimu ni mama yangu, naye auza ndizi sokoni. Sikujua kama watu wa namna hiyo huchorwa."

Sikuwa na jawabu tayari. Nalimwambia akae, nami nikaenda kulitafuta. Habari za Bibi Sherald ni sehemu ya jawabu nililolipata.

Bibi Sherald alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka 1973, katika mji wa Columbus, jimbo la Georgia, upande wa kusini wa Marekani. Ni mtu mweusi, wa kizazi cha wale Waafrika waliochukuliwa utumwani zamani. Baba yake alikuwa daktari wa meno. Mtaelewa basi kwamba nyumbani kwao hakukuwa na njaa, lakini palikuwa na matumaini makubwa juu ya watoto. Na wazazi walitumaini kwamba binti yao naye atashika kazi ya uganga. Uchoraji kwao ulikuwa mchezo wa mtoto, si riziki ya mtu mzima. Sidhani kwamba wazazi wa huku watawalaumu.

Alipokuwa mtoto wa shule, darasa lake lilipelekwa kutazama picha katika jumba la makumbusho la mji wao. Alikuwa amezoea kuona picha katika vitabu, na mara nyingi watu waliochorwa humo walikuwa Wazungu wa zamani. Siku ile alisimama mbele ya picha kubwa iliyopakwa na Bwana Bo Bartlett, ambaye naye ni mzaliwa wa mji ule ule, mtu mweupe. Katika picha ile alisimama mtu mweusi mbele ya nyumba. Hakuwa mtumwa, wala mtumishi, wala mtu wa kuchekwa. Alikuwa mtu tu, amesimama kwake. Bibi Sherald amesema mara nyingi kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwake kuona mtu aliyefanana naye katika picha ya jumba la namna ile, na kwamba tangu saa ile alijua ya kuwa atakuwa mchoraji.

Nawaomba mwitie maanani habari hiyo, maana tutairudia. Mtoto aliona picha moja kwa dakika chache, na njia yake yote ikageuka.

Hata hivyo hakuthubutu mara moja. Alipoingia chuo kikuu cha Clark Atlanta, mjini Atlanta, alianza na masomo ya kumtayarisha kuwa daktari, kama wazazi walivyotaka. Baadaye akaingia darasa la uchoraji, akayaacha yale ya kwanza. Mwaka 1997 alipata shahada yake katika uchoraji, na mwaka ule ule akaenda Panama kukaa na kufanya kazi pamoja na wasanii wengine. Kisha akaingia chuo cha sanaa cha Maryland, katika mji wa Baltimore, akapata shahada ya pili mwaka 2004. Alikwenda pia Norway, akajifunza kwa Bwana Odd Nerdrum, mchoraji afuataye njia za mafundi wa kale wa Ulaya.

Labda mtasema, "Sasa amekwisha soma, atafanikiwa." La, hasha. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mwaka ule wa 2004 Bibi Sherald alikuwa na umri wa miaka 30, mwenye mwili wa nguvu. Alikuwa akijizoeza kwa mashindano ya kuogelea, kupanda baiskeli na kukimbia. Kabla ya mashindano alikwenda kwa daktari apimwe, na ndipo alipoambiwa kwamba moyo wake ni mgonjwa, tena ugonjwa wenyewe si mdogo. Misuli ya moyo ilikuwa imelegea, haina nguvu ya kusukuma damu ipasavyo. Mtu aliyejiona mzima kabisa alitoka kwa daktari akijua kwamba aweza kuanguka siku yo yote.

Juu ya hayo, jamaa zake huko Georgia waliugua. Akaiacha kazi yake ya rangi, akarudi nyumbani kuwatunza, na miaka kadhaa ikapita bila ya kuchora. Aliporudi Baltimore alikuwa bado hajulikani. Mchana alipaka rangi, na saa nyingine alihudumu mezani katika mikahawa ili apate kodi ya nyumba na gharama za rangi. Kazi hiyo ya kuwachukulia watu sahani aliifanya hata alipokuwa na umri wa miaka 38. Wenzake wa shule walikuwa wamekwisha kuwa na vyeo na nyumba, naye alikuwa mtumishi wa mezani mwenye shahada mbili na moyo mgonjwa.

Mwaka 2012 alizimia akaanguka katika duka la dawa mjini Baltimore. Alipelekwa hospitali, na waganga wakaona kwamba moyo wake hauwezi kuendelea tena. Hapana dawa ila kupewa moyo mwingine, yaani moyo wa mtu aliyekufa ambaye jamaa zake wameridhia utolewe ili mwingine apone. Katika majira yale yale ndugu yake wa kiume alifariki kwa ugonjwa wa saratani ya mapafu. Hivyo msiba ulimkuta kitandani, akingoja moyo. Mwezi wa Desemba mwaka ule, katika hospitali ya Johns Hopkins, alipasuliwa, akatiwa moyo mpya. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Wasikilizaji, mimi husita kutoa mafundisho upesi juu ya taabu ya mtu. Lakini naona lazima tulikumbuke jambo hili tutakapozitazama picha zake. Huyu ni mtu ambaye alipewa muda wa kuishi na mtu mwingine asiyemjua.

Sasa tuzitazame picha zenyewe. Namna gani hufanya kazi?

Kwanza humtafuta mtu. Hamtafuti tajiri wala mtu wa cheo. Huenda akamwona kijana njiani, au mwanamke katika mkutano, akapendezwa na jinsi alivyosimama au alivyotazama. Humwendea akamwomba ruhusa. Kisha humchagulia mavazi, humpiga picha kwa kamera, na baadaye hukaa peke yake na picha ile, akiipaka upya kwa rangi za mafuta juu ya kitani. Nyuma ya mtu hapana nyumba wala miti wala meza ya dhahabu. Mara nyingi kuna rangi moja tu, samawati au manjano au waridi. Mtu husimama wima, aghalabu akikutazama machoni. Hacheki, wala hanung'uniki. Anakutazama nawe wamtazama, basi.

Na jambo linalowashangaza watu kuliko yote ni rangi ya ngozi. Nguo huzipaka kwa rangi kali zenye kung'aa: nyekundu, buluu, manjano. Lakini ngozi huipaka kijivu, rangi aipatayo kwa kuchanganya nyeusi na namna ya manjano iitwayo manjano ya Naples. Watu hawa ni weusi, wala hapana awezaye kukosea kwa kutazama sura zao. Lakini ngozi yao ni ya kijivu kama picha za kamera za zamani.

Kwa nini? Mwenyewe ameeleza kwamba hataki mtazamaji aishie kwenye rangi ya ngozi. Nchini mwao rangi ya ngozi imebeba mzigo wa habari nyingi: utumwa, sheria za kutenga watu, mapigano ya mitaani. Mtu akiona ngozi tu, hudhani kwamba amekwisha mjua mwenye ngozi hiyo. Basi Bibi Sherald huiondoa ile rangi, ili mtazamaji alazimike kutafuta mtu aliye ndani yake.

Tena kuna sababu ya pili, nayo ni zile picha za kamera zenyewe. Mwaka 1900, palipokuwa na maonyesho makubwa ya mataifa huko Paris, mwanachuoni mweusi wa Marekani, Daktari W. E. B. Du Bois, alikusanya mamia ya picha za watu weusi wa nchi yake, wamevaa vizuri, wameketi kwa heshima, akazipeleka zionekane na ulimwengu. Wakati ule magazeti mengi yalikuwa yakiwachora watu hao kwa dhihaka. Kamera iliwapa nafasi ya kujionyesha kama walivyojijua wenyewe. Bibi Sherald amesema kwamba picha za namna hiyo zilimwongoza katika kazi yake. Kijivu chake ni kijivu cha albamu za nyumbani.

Hapa labda mmoja wenu atauliza, "Ikiwa kamera iko, ya nini kumsumbua mchoraji?" Swali zuri. Kamera hufumba jicho mara moja, kazi imekwisha. Mchoraji hukaa na uso mmoja siku nyingi. Kila mkunjo wa nguo ameuamua yeye, na kila kidole amekifikiria. Basi mtu aonapo picha iliyopakwa, kabla hajajua ni ya nani, hujua jambo moja: kwamba kuna mtu aliyemtazama mtu huyu kwa muda mrefu, akaona kwamba yafaa. Zamani heshima hiyo walinunua wafalme na matajiri. Bibi Sherald huwapa watu wa njiani.

Mafanikio yalikuja polepole, kisha yakaja kwa kishindo. Lipo katika mji wa Washington jumba la taifa liitwalo National Portrait Gallery, ambalo kazi yake ni kuweka sura za watu wa Marekani waliojulikana. Jumba hilo hufanya mashindano ya wachoraji kila miaka mitatu. Mwaka 2016 zililetwa kazi zaidi ya 2,500, na aliyeshinda ni Bibi Sherald. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuyashinda mashindano hayo. Picha yake ilikuwa ya msichana mweusi mwenye kofia nyekundu, glavu nyeupe, na gauni la buluu lenye vidoti vyeupe, ameshika kikombe cha chai kikubwa kupita kiasi. Tuzo ilikuwa dola 25,000.

Mwaka uliofuata, 2017, ilitangazwa kwamba Bwana Barack Obama na mkewe, Bibi Michelle Obama, wamechagua wachoraji wa sura zao kwa ajili ya jumba lile. Kumchora Bwana Obama alichaguliwa Bwana Kehinde Wiley, na kumchora Bibi Obama alichaguliwa Bibi Sherald. Hawa walikuwa wachoraji weusi wa kwanza kupewa na jumba hilo kazi ya kuchora sura ya rais na ya mke wa rais.

Tarehe 12 Februari mwaka 2018 nguo iliyofunika picha iliondolewa mbele ya watu. Bibi Obama ameketi, kidevu ameegemeza juu ya mkono, nyuma yake ni samawati tupu. Gauni lake ni pana, jeupe, lenye maumbo meusi na ya waridi na manjano, limejaza nusu ya picha kama mlima. Bibi Sherald alieleza kwamba maumbo yale yalimkumbusha mablanketi ya vipande yashonwayo na wanawake weusi wa Gee's Bend, kijiji katika jimbo la Alabama. Hivyo katika picha ya mke wa rais walionekana pia, kwa njia ya kitambaa, mafundi wa kijijini.

Si wote waliofurahi. Wengine walisema, "Hafanani naye." Wengine walilalamika, "Mbona ngozi ni ya kijivu?" Sisi waalimu twayajua malalamiko ya namna hiyo, maana hata darasani mtoto akichora ng'ombe wa bluu twataka kumsahihisha. Lakini watu walikuja. Walikuja wengi hata ikabidi picha ihamishwe kwenye chumba kikubwa zaidi, na watu wakapanga mstari kama wa sokoni. Katika mwaka mmoja tangu picha zile mbili zilipofunuliwa, hesabu ya waliozuru jumba ilipita milioni 2, karibu mara mbili ya ilivyokuwa kabla. Tangu mwaka 2021 picha hizo zilisafirishwa zionekane katika miji mingine, kama vile Chicago, Brooklyn, Los Angeles, Atlanta na Houston.

Katika siku zile za kwanza mtu mmoja alimpiga picha mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 2, mweusi, amesimama chini ya picha ya Bibi Obama, kinywa wazi, hataki kuondoka. Picha hiyo ya mtoto ilienea duniani kote. Nami nalipoiona nalimkumbuka yule mtoto mwingine, katika jumba la Columbus, aliyesimama mbele ya mtu mweusi na nyumba yake. Yule aliyetazama ndiye aliyewapa wengine cha kutazama.

Wahenga husema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Je, Bibi Sherald aliposifiwa alifanya nini? Nitawapa mambo mawili, nanyi mpime.

Usiku wa tarehe 13 Machi mwaka 2020, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, polisi waliingia kwa nguvu katika nyumba ya msichana mweusi jina lake Breonna Taylor, wakapiga risasi, wakamwua. Alikuwa na umri wa miaka 26, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wagonjwa wa dharura. Gazeti moja kubwa lilimwomba Bibi Sherald amchore. Desturi yake ni kumwona mtu, kumsimamisha, kumpiga picha. Na huyu amekwisha zikwa. Basi alizungumza na mama yake, akakusanya habari za maisha yake. Alimtafutia msichana mwingine mwenye umbo kama lake asimame mahali pake. Gauni likashonwa, rangi ya feruzi, na nyuma yake rangi ile ile ya feruzi, kama kwamba amesimama mahali pasipo na kelele. Mkono mmoja ameuweka kiunoni. Katika kidole kimoja Bibi Sherald alimchorea pete ya uchumba, kwa kuwa mchumba wake alikuwa na nia ya kumwoa, lakini hakuwahi. Picha ikatolewa mbele ya gazeti mwezi wa Septemba mwaka 2020.

Picha hiyo ilinunuliwa kwa pamoja na jumba la makumbusho la Louisville na jumba la taifa la historia ya watu weusi lililoko Washington. Kwa njia hiyo mama na jirani za marehemu waweza kumwona mjini kwao, na taifa zima laweza kumwona katika mji mkuu. Fedha zilizotokana na picha ile, dola milioni moja, Bibi Sherald hakuzitia mfukoni. Alizitoa kwa chuo kikuu cha Louisville, ziwasaidie wanafunzi, na miongoni mwao wale wasomao sheria kwa ajili ya kutetea haki. Ndugu zangu, hebu fikirini. Msichana aliuawa, na sura yake yasomesha watoto wa wengine.

Mnajua pia kwamba mtu akiisha kuwa na jina, walanguzi hawakosi. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule wa 2020, picha yake moja ya wanawake wawili katika nguo za kuogelea, aliyoipaka mwaka 2015, ilipigwa mnada. Wauzaji walikisia dola 150,000 au 200,000. Iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 4. Lakini msidhani kwamba fedha hizo zilimfikia mchoraji; kwa desturi ya minada ya Marekani faida ni ya yule aliyekuwa nayo picha akaiuza.

Jambo la pili ni la mwaka 2025. Picha zake zilikusanywa karibu hamsini zikaonyeshwa San Francisco tangu Novemba mwaka 2024, kisha New York. Mahali pa tatu palikuwa pawe lile jumba la Washington lililomwinua. Hapana heshima kubwa zaidi kwa mchoraji wa sura nchini mwake. Katika maonyesho hayo ilikuwamo picha ya mwaka 2024 ya mtu mweusi aliyebadili jinsia, aishiye kama mwanamke, amesimama kwa mfano wa ile Sanamu ya Uhuru iliyo bandarini New York, ameinua mwenge wenye maua. Mwezi wa Julai Bibi Sherald alisema amepata habari kwamba wakubwa wa jumba wana wasiwasi juu ya picha hiyo, na kwamba yamesemwa mashauri ya kuweka mahali pake filamu ya watu wakijadiliana habari zake. Upande wa jumba walisema kwamba filamu ilikusudiwa kufuatana na picha, wala si kuiondoa. Yeye hakuridhika. Akayaondoa maonyesho yake yote. Picha zikapelekwa Baltimore, mji ule ule alikozimia dukani na kuhudumu mezani, zikafunguliwa huko mwezi wa Novemba.

Najua kwamba kati yenu wako watakaomsifu kwa hayo na wako watakaomlaumu, na kila mmoja ana dhamiri yake. Mimi nataka tuone jambo moja tu. Bibi Sherald tangu mwanzo alisema kwa brashi kwamba mtu yeyote aweza kustahili kutazamwa. Kama angekubali kumtoa mmoja ili wengine wabaki, neno lake lingekuwa limevunjika. Alichagua kupoteza ukuta wenye heshima kuliko kuuweka mlangoni mlinzi wa kuchagua sura. Hasara hiyo ilikuwa yake mwenyewe, hakumtwika mtu mwingine.

Basi, sasa nirudi kwa yule kijana wangu. Nalirudi darasani nikawaonyesha wanafunzi nakala za picha hizi. Walizibishania sana. Mmoja alisema kijivu ni rangi ya maiti. Mwingine akamjibu kwamba ni rangi ya picha ya babu yake iliyotundikwa ukutani nyumbani kwao, na babu yule hakuna amwitaye maiti. Naliwaacha wabishane, kwa kuwa ubishi wa namna ile ni masomo.

Juma lililofuata naliwapa tena karatasi na penseli, na agizo lile lile. Yule kijana alifanya kazi saa nzima bila kuinua kichwa, na kengele ilipolia aliomba aende nayo bwenini aimalize. Akanirudishia baada ya siku tatu. Alikuwa amemchora mwanamke ameketi nyuma ya ndizi zake, kanga imefungwa kifuani, macho yakinitazama mimi kama amwonavyo mnunuzi apunguzaye bei. Mikono ameikosea, ni mikubwa kuliko kichwa. Nalishika kalamu nyekundu nisahihishe, maana ndiyo kazi yangu. Kisha nikamwuliza, "Mikono hii mbona mikubwa?" Akaniambia, "Mwalimu, ndiyo niliyoitazama zaidi."

Nikairudisha kalamu mezani.

Ninyi mnaonisikiliza, walio waalimu na walio wazazi, nawaomba jambo dogo. Mtoto wenu akichukua mkaa au penseli akamchora mtu wa nyumbani, msiseme upesi kwamba apoteza karatasi. Ulizeni, "Huyu ni nani?" Kisha kaeni mtazame pamoja naye.